Nimepakia miradi yote ya mfano, mbona bado sijui kuandika programu?

SWALI: Ndugu Mtaalamu, kwa miezi minne sasa ninajifunza kuandika programu za ESP32, bodi ndogo ya kielektroniki yenye waifai. Nimepakia miradi ya mfano zaidi ya ishirini inayopatikana ndani ya Arduino IDE, yaani programu ya kompyuta ninayoandikia, na karibu yote imefanya kazi. Lakini nilipotaka kutengeneza kifaa changu mwenyewe cha kunijulisha maji yanapopungua katika tangi la nyumbani, nilifungua ukurasa mtupu nikakosa hata mstari wa kwanza. Je, nimepoteza muda? Nianze upya kwa kusoma kitabu cha lugha ya C?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hujapoteza muda, wala huhitaji kuanza upya. Ninachokiona ni kwamba umeitumia miradi hiyo kama mtu anayekaa jikoni akimtazama mwenzake akipika: chakula kimeiva na umekila, ila mwiko hujaushika. Kitabu cha C kitakufaa baadaye, utakapokuwa na maswali ya kukiuliza.

Chagua mradi mmoja mfupi. Mimi ningependekeza WiFiScan, ambao bila shaka umekwisha kuupakia. Kazi yake ni ndogo: unaiweka redio ya bodi katika hali ya mteja anayejiunga na ruta, kisha unatafuta mitandao iliyo karibu na kuiorodhesha pamoja na nguvu ya mawimbi ya kila mmoja. Usome mstari kwa mstari, na kabla ya kugusa mstari wowote, andika daftarini unachotarajia kitokee ukiubadilisha. Badilisha 115200 iliyo katika Serial.begin, yaani kasi ya bodi kutuma maandishi kwa kompyuta, iwe 9600, bila kubadilisha kasi ya dirisha unalosomea, uone herufi zisizosomeka zinavyomiminika. Halafu urekebishe programu ili ionyeshe mtandao wa nyumbani kwako peke yake. Matokeo yakitofautiana na ulichoandika daftarini, kaa hapo hapo mpaka ujue sababu, hata ikikugharimu jioni nzima.

Ukishafika hapo, beba kompyuta mpakato pamoja na bodi, utembee kutoka kwenye ruta hadi lilipo tangi, ukiandika nguvu ya mawimbi kila baada ya hatua chache. Namba zitakuwa hasi, na -50 ni nguvu kubwa kuliko -80. Zingatia kwamba ESP32 ya awali, iliyotoka mwaka 2016, hutumia mawimbi ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo mtandao wa 5 GHz hautauona. Tena maji yenyewe hufyonza mawimbi hayo, hivyo usije ukaifunga bodi nyuma ya tangi lililojaa. Kufikia hapo utakuwa umekwisha kuanza kifaa chako, na ukurasa mtupu hukuufungua.

Ugumu wa kweli huja unapounganisha mifano miwili, kwa kuwa kila mfano umeandikwa kana kwamba bodi nzima ni yake. WiFiScan husimama kwa delay(5000) katika kila mzunguko, na kwa sekunde hizo tano programu yako haisomi kihisi chochote. Itakubidi ujifunze kupima muda kwa millis(), inayohesabu milisekunde tangu bodi iwashwe. Kuna mtego mwingine ambao umewatoa jasho wengi, nami nikiwamo. Mfano wa kusoma kihisi cha analogi hufanya kazi vizuri kwenye pini ya 25, na mfano wa waifai nao hufanya kazi vizuri. Ukiiweka pamoja, usomaji wa kihisi unakwama, kwa sababu pini hiyo inahudumiwa na ADC2, moja ya sehemu mbili za bodi zinazogeuza volti kuwa namba, ambayo redio nayo inaitumia. Hamia pini ya 34, iliyo chini ya ADC1, na tatizo litakwisha.

Mifano pia haijishughulishi sana na mambo yanapoharibika, na sioni kosa hapo, maana ingekuwa mirefu mno kusomeka. Fungua mfano uitwao station katika ESP-IDF, ambazo ni zana rasmi za kampuni ya Espressif, uusome hata kama hutaupakia. Mfano huo usipoipata ruta, hujaribu tena mara tano kwa mpangilio wake wa kawaida, kisha huacha. Kwa somo inatosha, lakini kwa tangi lako haitoshi: umeme ukikatika na kurudi, bodi huamka upesi, ruta huchelewa, majaribio matano huisha kabla mtandao haujawa hewani, na kifaa hukaa kimya mpaka mtu akizime na kukiwasha. Andika upya sehemu hiyo ili programu isubiri nusu dakika na kujaribu tena bila kikomo. Hilo liwe zoezi lako la mwezi huu, na ulijaribu kwa kuzima ruta mwenyewe.

SWALI: Mfano wa kuwasha na kuzima taa unafanya kazi katika bodi yangu ya ESP32, lakini nikipakia wowote unaotumia waifai, bodi inajiwasha upya kila mara na kuandika ujumbe wenye neno "brownout". Je, imeungua?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Yaelekea ni nzima. Ujumbe huo unasema volti imeshuka chini ya kiwango kinachohitajika. Taa hula umeme kidogo sana, ilhali redio inaporusha mawimbi huweza kuvuta zaidi ya miliampea 200 kwa ghafla, na waya mrefu au mwembamba wa USB hushindwa kuzifikisha. Badilisha waya kwanza, kisha tundu la USB au chaja, na uondoe kwa muda vifaa vingine vinavyokula umeme wa bodi hiyo. Utakutana na watu wanaoshauri kuzima, ndani ya programu, kinga inayoiwasha bodi upya volti ikishuka. Usiwafuate, kwa sababu volti itaendelea kushuka vilevile, nawe utabaki na bodi inayokosea bila kukueleza sababu.