Barua Zenu: "Wametuharibia Star Trek!"

Hamjambo wasomaji wangu. Toleo lililopita niligusia kidogo tu ile tamthilia ya Star Trek, ile ya chombo cha angani kinaitwa Enterprise, iliyoanza Marekani mwaka 1966 ikakatwa 1969 halafu ikawa yafufuliwa kila baada ya muda mpaka hizi za 2017 (Discovery) na 2022 (Strange New Worlds). Mistari mitatu tu niliandika. Barua zilizokuja wallahi sikutarajia, wengine wana furaha, wengine wana hasira kama walioibiwa. Nimechagua nne.

*

Dada, salaam sana. Mimi nakaa Kibokoni, umri umeenda kidogo. Miaka ya tisini mwanzo mwanzo kakangu alikuwa baharia, kila akishuka melini alikuja na kanda za Star Trek ile ya zamani yenyewe, ya Kepteni Picard, twaketi sote sebuleni mpaka mama aje azime TV. Juzi mwanangu akaniwekea hizi mpya, sikumaliza. Waklingoni, wale viumbe wapiganaji, hawana nywele, vichwa kama mawe ya pwani, chombo chote giza, kila dakika mtu analia. Kwani ni lazima? Kwa nini wasiiwache ile ya zamani ikapumzika? — Mzee wa Kibokoni

Kakangu, barua yako nimeisoma mara mbili manake imenirudisha mbali. Miaka hio mimi nilikuwa nauza kaunta kwenye duka la kukodisha kanda, Mwembe Tayari, na nataka nikwambie kitu na usinikasirikie: hio ya Picard ndio sisi pale dukani tukiiita "ile mpya".

Ilianza Septemba 1987, miaka 18 baada ya ile ya mwanzo kukatwa, na watu waliipokea vile vile wewe unavyozipokea hizi. Nilikuwa na mteja mmoja karani wa bandarini, mtu mpole, alimpenda Kepteni Kirk na Spock wa ile ya 1966 kama ndugu zake wa tumbo moja. Nikampa kanda ya Picard, kesho yake asubuhi akairudisha, akaiweka kwenye kaunta, akaniuliza, "Huyu mwenye upara ni nani, na yule Mklingoni afanya nini ndani ya chombo cha watu?" Manake kwenye ile ya Kirk Waklingoni ni maadui, sasa huyu Worf amevaa sare na amekaa kazini na wenzake. Aliona ametukanwa kabisa.

Na tuseme ukweli, msimu wa kwanza wa Picard ulikuwa dhaifu, hadithi zinajivuta, waigizaji bado hawajazoeana, mimi mwenyewe nilikuwa nasinzia. Ilianza kukaa sawa msimu wa tatu. Ule msimu uliisha Juni 1990 Picard ametekwa na Borg, wale viumbe nusu mtu nusu mashine, wamemgeuza mmoja wao, na chombo chake mwenyewe kinataka kumpiga, hapo hapo wakakata. Kule Marekani watu walingoja mpaka Septemba. Sisi hapa tulingoja zaidi ya hapo manake kanda mpaka ifike Mombasa ni safari. Basi yule karani akawa apita dukani kila akitoka kazini, haingii, asimama mlangoni tu aniuliza "imekuja?" Nikimwambia bado, aenda zake. Siku ilipokuja niliificha chini ya kaunta nikamwekea yeye kwanza.

Kwa hivyo sikwambii uzipende hizi mpya kwa lazima. Nakwambia uzipe muda ule ule yule karani alioupa hio unayoipenda wewe. Na hio ya Picard ikaenda misimu saba, vipindi 178, mpaka 1994.

Sasa Waklingoni. Hapo una haki, na si wewe peke yako. Lakini wameshabadilika kabla. Kwenye ile ya miaka ya sitini walikuwa na vipaji vya uso kama vyetu tu, ile mifupa ya kichwani uliyoizoea wewe ilitokea kwenye filamu ya 1979, na haikuelezwa. Mwaka 1996 wakamweka Worf kwenye hadithi ya kurudi nyuma ya wakati, wenzake wakawaona wale Waklingoni wa kale wakamuuliza mbona hawa wako hivi, akajibu kuwa wao hilo hawalizungumzi na watu wa nje. Basi. Mashabiki walicheka na wakaridhika. Hawa wa 2017 ndio waliovuka mpaka, mtu huwezi hata kuona mwigizaji anahisi nini chini ya ule mzigo wa usoni. Watu walipiga kelele, na msimu wa pili nywele zikarudi. Kelele zenu zilisikika. Kuhusu giza na kulia, mimi na wewe ni kitu kimoja, mwambie mwanao aiwache hio ya 2017 kwanza akuwekee ile ya 2022, Strange New Worlds, ina mwangaza na karibu kila kipindi kina hadithi yake inayoanza na kuisha siku hio hio kama zamani.

*

Anti, shikamoo. Mimi wa Bamburi, nimezaliwa 2006. Nimeanza kuangalia hio ya 2022 naipenda sana lakini wakubwa wananiambia mimi si shabiki wa kweli mpaka nianze na ile ya 1966 yote. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Si kweli. Endelea hapo hapo ulipo.

Ila ujue kitu kimoja kitamu. Huyo Kepteni Pike unayemuona ndiye kepteni wa kwanza wa Star Trek, kabla ya Kirk. Walirekodi kipindi cha majaribio mwisho wa 1964, kituo cha NBC kikakataa, wakaambiwa watengeneze chengine, na Pike akabaki nyuma. Kisha 2019 alipotokezea kwenye msimu wa pili wa ile ya 2017, ameigizwa na Anson Mount, watu wakampenda mpaka wakaanza kuomba apewe sirizi yake mwenyewe. Wakapewa. Kwa hio hadithi yako ilikataliwa ikangojea miaka zaidi ya hamsini. Ukiwa na bando ya kutosha rudi ukaangalie vipindi vitatu vinne vya zamani, wewe mwenyewe uamue.

*

Dada mpendwa. Hapa Changamwe tuna maskani yetu, jioni fundi mmoja hutuwekea kwa fleshi twaangalia pamoja. Tatizo ni kuwa kila tukiweka hio ya 2017 kuna jamaa wawili wanaanza: ati siku hizi Star Trek imejaa siasa, ati kwa nini mkubwa ni mwanamke tena mweusi, ati zamani ilikuwa hadithi safi tu. Nataka kuwajibu na sina maneno.

Kakangu, maneno ninayo na nitakupa yote, manake hili laniuma.

Hakuna siku Star Trek ilikuwa haina siasa. Iangalie hio ya 1966 wenyewe wanayoiita safi. Kwenye usukani amekaa Sulu, ameigizwa na George Takei, Mmarekani mwenye asili ya Japani, ambaye utotoni alifungiwa kambini pamoja na wazazi wake na serikali ya Marekani wakati wa vita vya pili kwa sababu tu ya asili yao. Mwaka 1967 pembeni yake akaongezwa Chekov, Mrusi, na hapo vita baridi viko moto. Kwenye mawasiliano yuko Uhura, mwanamke mweusi, ni ofisa na ana cheo chake. Novemba 1968 Kirk, mzungu, na Uhura wakabusiana kwenye TV ya Marekani, na wenye TV waliogopa vituo vya kusini vitakataa. Januari 1969 wakatoa hadithi ya watu wawili, mmoja uso wake mweusi kulia mweupe kushoto, mwengine kinyume chake, wamechukiana kwa hilo tu mpaka sayari yao imekwisha hakuna aliyebaki. Sasa hio si siasa ni nini?

Na Nichelle Nichols aliyemuigiza Uhura alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa alikutana na Martin Luther King, akamwambia anaondoka, na King akamkataza, akamwambia watoto wamuone pale. Akabaki. Baadaye, kuanzia 1977, akafanya kazi na NASA kutafuta wanawake na watu weusi wa kwenda angani. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, 1992, alikuwa mtoto aliyekua akimtazama Uhura. Waulize hao jamaa zako wangetaka lipi litolewe hapo.

Lakini usimtie kila mlalamishi kapu moja. Mtu akikwambia hadithi ya 2017 imeruka ruka, au watu wa pembeni hawajulikani majina mpaka msimu wa pili, msikize, hio ni kweli, hata mimi nasema. Sonequa Martin-Green, anayemuigiza huyo mkubwa wao, afanya kazi nzuri sana na hadithi yenyewe mara nyengine yamwangusha.

*

Assalaam aleikum dada. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Likoni. Nilisikia kuwa Uhura ni jina la Kiswahili nikafurahi, nikamtafuta, nikapata kipande cha zamani anaongea lugha yetu. Nilirudia mara nyingi siambulii kitu. Je, ni Kiswahili kweli kile? Na huyu Uhura mpya wamemfanya wa kwetu au ni jina tu?

Waaleikum salaam mwalimu. Yako nimeiweka mwisho kwa makusudi.

Ni Kiswahili, ndio. Nichols alisimulia kuwa alikwenda kwenye majaribio ameshika kitabu chenye neno Uhuru kwenye jalada, Kenya ilikuwa na miaka michache tu tangu ipate huo uhuru, 1963. Mwanzilishi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda neno. Wakaona mwisho wake mgumu kwa jina la mwanamke, wakatia a badala ya u. Kwetu sisi a hio haifanyi jina kuwa la kike, iliondoa tu maana, wewe mwalimu wajua. Lakini mizizi yaonekana.

Na hili watu wengi hawalijui: usiku wa kwanza kabisa Star Trek kuonyeshwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, Kiswahili kilisikika. Kuna kiumbe chafyonza chumvi kwenye miili ya watu, kinajigeuza sura kumpendeza kila anayekiona, na kilipomkuta Uhura kikajigeuza kijana mweusi kikaongea naye Kiswahili. Yaani huyo aliyeandika alijua kuwa ukitaka kumlainisha mtu aliye mbali na kwao, muongeleshe cha nyumbani. Tena 1967 mashine moja ikamfuta kumbukumbu zote, wakawa wamfundisha kusoma upya kama mtoto, na aliposhindwa na neno akakasirika, hasira zikatoka kwa Kiswahili. Hapo mimi kila nikiona nasisimka. Hata sisi si ndio hivo hivo? Waongea lugha ya ofisini siku nzima, ukijigonga kidole kwenye mlango latoka lile la mamako.

Lafudhi sasa ndio kazi. Nichols alizaliwa Illinois, lugha hii hakukulia nayo, na yasikika. Simlaumu hata chembe, alikuwa peke yake na karatasi.

Ndio maana nilipoanza hii ya 2022 nilikuwa na roho juu. Huyu Uhura wa sasa, ameigizwa na Celia Rose Gooding, mwanzoni ni mwanafunzi chomboni, na kipindi cha pili tu, mezani kwa Kepteni Pike, yasemwa waziwazi kuwa ametoka Kenya, anajua lugha 37, na wazazi wake walikufa ajalini. Halafu wanakwama ndani ya kometi, ile nyota yenye mkia, na chombo cha kigeni hakisikii lugha yoyote, na yeye kwa wasiwasi anaanza kuvumisha wimbo mdomoni, na kile kitu kikamjibu. Nilisimamisha nikarudisha nyuma mara tatu. Mwaka huo huo, Julai, Nichols akafariki, ana miaka 89.

Kwa hio kuna walichosahihisha, miaka ya sitini walisema Afrika tu, sasa wana nchi. Lakini mwalimu, mimi bado nina njaa. Kenya gani? Amekulia Lamu, Kisumu, hapo kwenu Likoni akisikia honi ya feri? Mtu wa lugha 37 twamsikia Kiswahili chake mara ngapi? Sitaki hotuba. Nataka amkumbuke bibi yake kwa shikamoo iliyotamkwa sawa, nataka aseme ng'ombe na ile ng' itoke puani kama yetu. Mtu wa kumfunza hilo ni mchana mmoja tu wa kazi. Wengine wafurahie chombo kimeundwa vipi, mimi na wewe hiki ndicho twakipimia, na nadhani tuna haki.

Wameshatangaza kuwa msimu wa tano wa hii ndio wa mwisho. Ila Uhura ameshakuwa wa Nichols, akawa wa Zoe Saldaña kwenye filamu ya 2009, akawa wa Gooding, na mwengine atakuja. Mwaka 1968 NBC ilipotaka kuikata Star Trek baada ya msimu wa pili, mke na mume mashabiki, Bjo na John Trimble, waliwahimiza watu waandike barua, zikaja nyingi mpaka kituo kikatangaza hewani kuwa tamthilia yarudi. Barua za karatasi zile. Basi wape wanafunzi wako zoezi la insha ya barua rasmi: kwa watengenezaji, kuhusu jina la Uhura na vile Kiswahili hutamkwa, Kiswahili juu, Kiingereza chini. Zilete hapa ofisini zikiwa tayari, nyingine nitazichapa kwenye ukurasa huu na zote nitazituma, stempu juu yangu.