Bilioni 2 kwa 49 au bilioni 1.5 kwa 30?

Kaka, matajiri wawili wanataka hisa za klabu yetu: mmoja anatoa bilioni 2 kwa asilimia 49, mwingine bilioni 1.5 kwa asilimia 30. Unayesema wa bilioni 2 kampita wa bilioni 1.5, hujapiga hesabu. Bilioni 2 kwa asilimia 49 maana yake timu nzima ni kama bilioni 4.08. Bilioni 1.5 kwa asilimia 30 ni bilioni 5. Huyo wa pili ndiye anayetuthamini, na wanachama tunabaki na asilimia 70. Hizo habari za "kuinunua timu yote" achaneni nazo: kwa kanuni za serikali, kwenye timu ya wanachama, asilimia 51 ya hisa ni zetu.

La kuuliza ni jingine: fedha taslimu ni ngapi, inaingia lini, akaunti ipi? Wengine huhesabu basi, jezi na mishahara ya msimu humo humo kwenye bei. Ukivitoa, mtaji umebaki wapi? Na madeni ya wachezaji waliovunjiwa mikataba yaandikwe nani analipa, maana FIFA ikifungia usajili haijali kama mwenye hisa ni mgeni.

Halafu mkutano wa wanachama wa kulipigia kura jambo hili msiuweke kabla ya minada ya korosho, watu hawajapata hela. Hapa Mtwara kadi nyingi hazijalipiwa ada, na asiyelipa hapigi kura.