Kwa nini Wachina huchanganya dawa za mitishamba?
Ndugu, umeuliza kwa nini mganga wa Kichina hakupi mzizi mmoja tu ukachemshe. Kwao dawa hupangwa kama serikali: kuna mfalme, waziri, msaidizi na mjumbe. Chukua mchanganyiko wa mahuang (mmea wa efedra), uliorekodiwa na tabibu Zhang Zhongjing miaka kama 1,800 iliyopita, kwa mtu mwenye mafua, baridi mwilini na kifua kilichobana. Mfalme ni mahuang yenyewe, inayotoa jasho na kufungua kifua. Waziri ni vijiti vya mdalasini, vinavyoongeza hilo jasho. Kokwa za aprikoti husaidia kutuliza kikohozi, na gancao, ule mzizi mtamu, hupatanisha wote.

Jambo linalonivutia zaidi ni mmea mmoja kumfunga mwenzake breki. Banxia, kiazi kingine cha dawa, kikiwa kibichi huwasha koo vibaya na ina sumu, kwa hiyo hutayarishwa na kupikwa na tangawizi. Pia kuna jozi zilizopigwa marufuku tangu zamani, mfano gancao na mzizi wenye sumu uitwao gansui.

Lugha ya mfalme na waziri ni nadharia ya kale, si vipimo vya maabara. Lakini mahuang ina efedrini, ambayo kweli hupanua njia za hewa, na pia hupandisha presha. Marekani walipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Kama una presha au unameza vidonge vingine, muone daktari kabla hujagusa sufuria.