Waarabu wana maduka, sisi tunabeba boksi? Ninavyoona nikiwa Michigan

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa hasira kidogo lakini swali lako ni la haki: kwa nini Mwarabu akifika Marekani haipiti miaka mingi ana duka, na Mwafrika anakaa mpaka mvi zinamtoka bado anabeba boksi? Walionitangulia wameshagawana majibu. Mmoja kasema uvivu wetu, mwingine kasema ubaguzi, wa tatu kasema wenzetu wanabebana na sisi tunarogana. Mimi naishi pembeni ya Detroit, nimeshasimama kaunta ya kituo cha mafuta cha Myemeni usiku kucha, na sasa kula yangu ni kwenye uuguzi. Pande zote mbili nazijua kwa karibu kiasi.

Unawalinganisha watu ambao hawakufika zama moja. Nenda Dearborn, mji uliopakana na Detroit, wenye watu kama 110,000, na zaidi ya nusu yao asili yao ni Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Ukipita Warren Avenue mabango ni ya Kiarabu, mikate inatoka tanuruni, daktari wa meno, wakili na fundi gari wote wanaongea lugha moja. Mgeni akiona hivyo anadhani ni kazi ya miaka kumi. Kumbe Henry Ford, mwenye viwanda vya magari, alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku mwezi Januari 1914, na kati ya waliokimbilia walikuwemo watu wa Lebanoni na Syria, ambao wakati huo walikuwa bado raia wa Dola ya Uthmaniya. Kiwanda kilikuwa Highland Park na msikiti ukajengwa hukohuko mwaka 1921. Ford alipohamishia nguvu zake kwenye kiwanda cha Rouge, Dearborn, wakamfuata. Wayemeni wakaja kwa wingi miaka ya 1960 na 1970 kufanya kazi kwenye viwanda vya magari. Vita vya Lebanoni vilipoanza mwaka 1975 likaja wimbi jingine, na maasi ya kusini mwa Iraki yalipozimwa mwaka 1991 likaja jingine tena. Kila aliyeshuka alimkuta mjomba. Mwaka 2021 wakamchagua Abdullah Hammoud kuwa meya, na mimi binafsi niliona wamechelewa.

Sasa sisi. Watanzania na Wakenya wengi tuliingia kwa visa ya masomo au kwa bahati nasibu ya green card, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1990 na visa zake zikaanza kutoka 1995. Bahati nasibu haichagui ukoo. Inamtoa mmoja Mbeya na mwingine Kisumu, mmoja anaangukia Texas na mwingine Minnesota, kila mtu na njia yake. Wakongomani ndio waliokuja kwa makundi, ila wao wametoka kambini. Mwaka 2016 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi kuliko hata Wasyria waliokuwa wakitangazwa kila siku kwenye televisheni. Mtu kakaa Nyarugusu tangu mtoto, kazaa hapohapo, halafu anashushwa Grand Rapids, hapahapa Michigan, wakati wa theluji akiwa na deni la nauli ya ndege ambalo lazima alilipe, na shirika linalompokea linamshika mkono siku 90 za mwanzo. Huyo ndiye unayemlinganisha na mjukuu wa mfanyakazi wa Ford?

Mlinganishe na Myemeni aliyefika juzi. Wapo, tena wengi, Hamtramck (kimji kilichozungukwa na Detroit) na upande wa kusini wa Dearborn karibu na moshi wa Rouge. Nyumba moja ina watu wengi, baba analinda duka la mtu, mama haongei Kiingereza, watoto ndio wakalimani hospitalini. Maisha yake na ya Mkongomani wa Grand Rapids hayapishani sana. Upande wa pili, Mlebanoni wa kizazi cha pili au cha tatu kipato chake kinazidi cha Mmarekani wa kawaida, na Mnaijeria yumo humo humo juu kwa elimu. Wahamiaji waliozaliwa Afrika kusini mwa Sahara, zaidi ya wanne katika kila kumi wana shahada. Wamarekani waliozaliwa hapahapa ni kati ya watatu na wanne. Kwa hiyo anayesema “Waarabu” dhidi ya “Waafrika” kachanganya humo profesa wa Kimisri, mfugaji wa Ibb kule Yemeni, nesi wa Kikenya na bibi wa Kibembe wa Kongo aliyepoteza kila kitu.

Haya, tuje kwenye hilo duka linalowauma watu.

Bosi wangu alikuwa Myemeni wa Ibb, kama walivyo Wayemeni wengi wa hapa. Shahada hana. Mtaji aliupata kwa binamu na mashemeji, wakikaa sebuleni wanakunywa chai, mmoja anatoa elfu kumi, mwingine elfu tano, bila karatasi. Neno la mtu ndiyo dhamana, kwa sababu asipolipa, habari zitafika Ibb kabla ya jua kuzama na mabinti zake watakosa wachumba. Kilichobaki alikipata kwa msambazaji wa mafuta, ambaye alisaidia kufunga pampu mpya kwa sharti kwamba atanunua mafuta kwake peke yake kwa miaka mingi. Na mafuta yenyewe hayana faida ya kutajwa, ni senti chache kwa galoni. Gari linaletwa na mafuta, hela inabaki dukani: sigara, soda, kahawa, chipsi, tiketi za bahati nasibu ya jimbo. Usiku nilikuwa nakaa nyuma ya kioo kisichopenya risasi, nazungusha kile kisahani cha chuma, namrudishia mtu chenji yake. Wateja karibu wote walikuwa weusi wa mtaa ule, na wengine walikuwa wananisema waziwazi, ndugu yetu unamlindia mwenye hela asiyeishi hapa. Hawakukosea sana, maana bosi alikuwa akifunga hesabu anarudi kulala Dearborn.

Lakini niliona pia vitabu vyake vya hesabu. Yule bwana alikuwa hapo saa kumi na nne kwa siku, Ijumaa anakimbia kuswali na kurudi. Wanawe walipanga bidhaa kwenye rafu wakitoka shule, bila mshahara. Ukigawa faida kwa saa za familia nzima, nesi msajiliwa anamshinda, na hakuna anayemwekea bastola kwenye kioo. Mwanawe mkubwa alipomaliza chuo cha ufamasia hakutaka hata kusikia habari za pampu. Maduka yale wameyashika sana watu ambao vyeti vyao havitambuliki au hawana kabisa. Mhandisi wa Kiiraki naye nimemkuta kaunta, shahada yake ya Baghdad iko kabatini.

Wakati huohuo, dada zetu. Hapa naomba wanaosema tumelala wanyamaze kidogo. Mkenya au Mtanzania anafika, anaanza na cheti kifupi cha kulea wazee, anageuza wagonjwa kitandani usiku, mchana yuko darasani, baadaye anakalia mtihani wa leseni ya unesi, anafaulu. Mume naye yuko kwenye lori la masafa marefu. Nyumba yenye mishahara miwili ya namna hiyo haina njaa. Kwa Waarabu wa hapa, hasa waliofika karibuni, wake wengi wako nyumbani, na pengo hilo huwa halitajwi tunapojilaumu: sisi watu wazima wetu wako kazini kwa kiwango kikubwa kuliko wao, na hata kuliko Wamarekani wenyewe.

Ila hela yetu haina bango barabarani. Ingia kwenye maisha ya nesi huyo uone inakokwenda. Ada ya watoto wa kaka, dawa za mama, na nyumba ya Kibaha iliyofika kwenye linta tangu awamu iliyopita. Myemeni naye anatuma kwao, tena kwa vita vile anatuma sana, lakini kabla hajatuma keshaweka fungu la duka. Sisi mtaji wetu umekaa Kibaha na Kitengela, haujawahi kumuajiri mtu yeyote Michigan.

Na misiba. Nimekuwa mweka hazina wa chama chetu cha Watanzania hapa, kwa hiyo nasema nikiwa na daftari. Karibu kila mchango mkubwa tuliowahi kukusanya ulikuwa wa kusafirisha mwili. Mtu akifa, ndani ya wiki moja watu wanachanga maelfu ya dola, wanaompenda na wasiompenda, mpaka walioko Houston wanatuma, na jeneza linapanda ndege kwenda kuzikwa Moshi au Bukoba. Uaminifu upo, nidhamu ya kuchanga ipo, tena bila karatasi kama wale wa sebuleni kwa bosi. Mwarabu Mwislamu akifa Dearborn anazikwa hapahapa, kesho yake watu wako dukani. (Watu wetu wa Tanga na Mombasa nao huzikwa hapa, na sijasikia kaburi lililolalamika.) Nilipendekeza mara moja kikaoni tuanzishe fungu la kukopeshana mtaji. Wazee walinitazama kama nimetukana marehemu. Sisemi tuache kuzika kwetu, najua mama wa mtu anataka kuliona kaburi. Nasema hizo ndizo dola ambazo wenzetu wamezifanya pampu.

Anayetaka kuniambia Mwafrika hawezi kujikusanya aende Minneapolis, jimbo la Minnesota. Wasomali walianza kufika miaka ya 1990 wakikimbia vita, wakajazana sehemu moja, na leo jengo la maduka la Karmel Mall lina vibanda vyao kwa mamia, nguo, sambusa, ofisi za kutuma hela, vinyozi. Upatu wanacheza akina mama na wanakopeshana bila riba. Cha kuchekesha, jengo lenyewe mwenye nalo ni mfanyabiashara mwenye asili ya Palestina. Na uchaguzi wa 2018 uliowapeleka kwenye bunge la Marekani wanawake Waislamu wawili wa kwanza ulimtoa mmoja upande huu na mmoja ule, Rashida Tlaib wa Detroit ambaye wazazi wake ni Wapalestina, na Ilhan Omar, Msomali wa Minneapolis aliyepitia kambi za Kenya. Ukikaa pamoja unapata duka, halafu kura. Watanzania tuliotawanyika majimbo yote hamsini, mimi sijasikia hata diwani wetu.

Kuhusu rangi, waliosema ubaguzi hawajakosea, wamesahau tu kwamba unampiga kila mtu mahali pake. Mwaka 1915 mahakama ya rufani ilikubali kwenye kesi ya George Dow kwamba Msyria ni mtu mweupe, kwa hiyo anaweza kupewa uraia, na tangu hapo fomu za serikali zimemhesabu Mwarabu kama mzungu. Mwaka 2024 ndipo serikali ilipoamua kuwawekea kisanduku chao, na Sudani na Somalia zikaachwa nje ya kisanduku hicho. Weupe huo wa kwenye makaratasi ulisaidia kununua nyumba enzi ambazo mweusi alifungiwa mitaa mizima. Haukusaidia baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, wala Januari 2017 Wayemeni, Wasyria, Wasomali na Wasudani walipozuiwa pamoja kuingia nchini. Tarehe 2 Februari mwaka huo Wayemeni wa New York wakafunga maduka yao zaidi ya elfu moja kwa saa kadhaa kupinga, jiji likakosa kahawa na sigara. Muajiriwa hawezi mgomo wa namna hiyo, atafukuzwa tu.

Na sisi tuna letu. Aprili 2022, Grand Rapids, polisi alimsimamisha Patrick Lyoya, kijana wa Kikongo wa miaka 26, wakavutana, akampiga risasi ya kichwa akiwa kalala chini. Baba yake aliongea na waandishi kwa Kiswahili, mkalimani akitafsiri. Walikimbia vita wakaja kuzika mtoto Michigan. Baada ya hapo nilianza kumfundisha mwanangu namna ya kuweka mikono kwenye usukani polisi wakimsimamisha. Rafiki yangu Mlebanoni ana watoto wa rika hilohilo na somo hilo hajawahi kulifundisha.

Mwisho, mleta mada, umegusia mdogo wako aliyeko Columbus, Ohio, anayetaka kuacha ghala achukue kituo cha mafuta kwa sababu “Waarabu wote wanatajirika”. Mwambie kwanza aombe marejesho ya kodi ya miaka mitatu ya hicho kituo, asiamini daftari la mkononi. Asome mkataba wa msambazaji wa mafuta mpaka ukurasa wa mwisho, maana mara nyingi muuzaji anauza deni la pampu pamoja na pampu. Aulize matangi ya chini ya ardhi yana umri gani na nani anawajibika yakivuja. Leseni ya kuuza tiketi za bahati nasibu na pombe haihami yenyewe kwa mnunuzi. Na Columbus kuna Wasomali wengi wenye maduka. Akae nao wiki kadhaa kaunta, hata bila malipo, kabla hajasaini chochote. Kazi ya ghala asiiache bado, bima ya afya ya watoto iko huko.