Kibaigwa ya Agosti na Kibaigwa ya Februari

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi! Ndivyo tunavyosalimiana huku Ugogoni.

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mji mdogo unaoishi una watu gani, na watu hao wanapata riziki yao wapi? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Baba alikuwa Mgogo, mama ni Mrangi wa Kondoa. Nimezaliwa hapa na nafundisha hapa. Nikitaka kuwajibu kwa haki, inabidi kwanza niulize: mnataka Kibaigwa ya mwezi gani?

Nianze na ya Agosti, kwa kuwa ndiyo wanayoifahamu wapita njia. Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, ukishaipita Gairo, unatukuta tumejipanga kandokando ya barabara kuu. Msimu wa mahindi malori yanaanzia huku yanaishia kule, vumbi na pumba zimetanda, makuli wamejipaka weupe wa mahindi mpaka kwenye nyusi. Hilo ndilo Soko la Kimataifa la Mazao Kibaigwa. Mgeni hudhani mahindi yote yale tumeyalima sisi. Sivyo. Ardhi yetu ni kame, mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na mwaka mwingine inakata katikati mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Mkulima wa hapa anayetaka kulala na uhakika hupanda mtama, uwele, alizeti. Mahindi mengi yanayojaza soko hutoka Kiteto, ng'ambo ya mpaka wa mkoa wa Manyara, sehemu kama Matui na Dosidosi. Wanunuzi wanatoka Dar es Salaam, Tanga, Arusha, hadi Kenya. Riziki yetu ni kukaa katikati ya anayelima na anayekula.

Na katikati hapo pana watu wengi kuliko mtu anavyofikiri. Lifuate gunia moja. Likishushwa kwenye Fuso limeshapata dalali wa kulisemea. Kuli analipeleka kwenye mizani, mwingine anaandika uzito. Mahindi yakiwa na takataka yanamwagwa kwenye turubai na kina mama wanayachekecha. Mshonaji anakuja na sindano yake ndefu na kamba ya katani. Makuli wengine wanalipandisha kwenye lori la mnunuzi. Dereva amelala gesti, amekula kwa mama lishe, amepanda bodaboda kwenda kutafuta wakala wa kutolea fedha. Kisha kuna mashine za kusaga na kukoboa, na wenye viwanda vidogo vya kukamua alizeti wanaouza mafuta huku na mashudu kule. Ndiyo maana ukipita mtaa mmoja unasikia Kigogo, Kikaguru, Kirangi, Kipare na Kimasai kabla hujafika mwisho wake.

Mama yangu alikuwa mfagiaji. Nalisema neno hili kwa heshima, maana ndilo lililonisomesha. Lori likishaondoka, chini hubaki punje zilizomwagika, zimechanganyika na mchanga, vipande vya kamba na mavi ya panya. Wanawake waliingia na fagio za chelewa kabla kuku hawajafika. Mama alikuwa na ungo wake wenye kiraka cha kitambaa cha bluu. Alikaa pembeni, mgongo kwa upepo, akapepeta mara tatu, kisha akachambua mawe kwa vidole, jiwe mojamoja. Debe likijaa aliliuza kwa wafuga kuku. Yale masafi kabisa tuliyala sisi. Kwa miaka yote hiyo hakuna daftari lililomwandika kuwa ana kazi, na mpaka leo wako kina mama wengi pale sokoni ambao ukisoma takwimu za ajira hutawaona.

Sasa hesabu yenyewe. Nilikuwa karani wa Sensa ya 2022. Sensa ile ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Saa sita usiku tulianza na wasafiri na wageni: gesti, stendi, sokoni. Majibu waliyonipa ni siri niliyoiapia na yatabaki hukohuko. Ila niliyoyaona kwa macho naweza kuyasema. Nyuma ya maghala vijana walikuwa wamelala juu ya magunia matupu, viatu vimewekwa chini ya kichwa visiibiwe. Wengine walijilaza chini ya matela, kwenye turubai zilezile zilizochekechewa mahindi mchana. Kila nilipowasha kishikwambi mwanga uliwapiga usoni, wakaamka mmojammoja, hawajui kama ni polisi au ni kazi ya kupakia imefika.

Usiku ule nilijiuliza swali ambalo halijanitoka. Sensa ya 2012 nayo ilikuwa Agosti, usiku wa kuamkia tarehe 26. Mara zote mbili Kibaigwa imehesabiwa ikiwa imefurika. Sisemi sensa ilikosea, maana kila mtu alihesabiwa alipolala na nchi nzima ilifuata kanuni hiyo. Nasema tu kwamba mji wa msimu hauwezi kuelezeka kwa usiku mmoja.

Njooni Februari mjionee. Vyumba vya kupanga vimefungwa makufuli. Vijana wamerudi kwao, au wamekwenda Kiteto kulima vibarua, na siku hizi wengi wanakimbilia Dodoma mjini kubeba zege. Mkoa wetu ulikuwa na watu milioni 2.08 mwaka 2012, ukafika milioni 3.09 mwaka 2022, na tangu Serikali ilipohamia Dodoma nyumba zinajengwa usiku na mchana. Wanaobaki Kibaigwa ni mabibi, watoto, wenye maduka, na sisi watumishi. Mwenye duka jirani yangu huuza kwa mkopo kuanzia Januari. Daftari lake la madeni linanenepa mpaka Mei, halafu Julai analichanachana kurasa huku anacheka. Mama lishe waliokuwa na sufuria tano wanabaki na moja. Wanaouzia abiria wa mabasi ndio waliokuwa na nafuu kiangazi na masika, lakini tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, baadhi yao wananiambia mabasi yanasimama hapa na viti vitupu.

Huu mtindo wa kujaa na kupukutika si mgeni Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa wilayani matrekta na vibarua kutoka kila pembe kwa ajili ya ule Mpango wa Karanga, wa kulima karanga kwenye mashamba makubwa. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikagoma, na mwaka 1951 mpango ukafungwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Tofauti ni kwamba soko letu limeota lenyewe, kwa wafanyabiashara na wakulima wenyewe, na ndiyo maana linadumu.

Linadumu, lakini linatikisika kwa neno moja linalotamkwa mbali. Juni 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje na kutaka tuuze unga, bei ilianguka na wenye stoo zilizojaa wakabaki wanazitazama. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, hali ikawa ileile. Na sumukuvu si kisingizio, jamani. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani zetu na wateja wetu. Mahindi yaliyoanikwa chini na kupakiwa mabichi yanaweza kuua. Nikiwa na mamlaka ya kuchagua kitu kimoja kwa mji huu, ningechagua maturubai ya kuanikia, vipima unyevu na maghala makavu ambamo mkulima ataweka mahindi yake akingoja bei, badala ya kuyaachia kwa lumbesa kwa sababu mtoto anadaiwa sare. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria, ila huko vijijini bado naliona gunia limeongezewa kofia ya wavu juu, na bei ni ya gunia moja.

Nimeacha kwa mwisho jambo linalonihusu kila siku. Shule huandikisha Januari, mji ukiwa mtupu. Madawati na vitabu hufuata idadi hiyo. Kisha msimu unaanza, na watoto wanakuja na wazazi wao. Wengi hawana barua ya uhamisho. Mwaka jana, Julai, mama mmoja alisimama mlangoni pa darasa langu la tatu na binti mwenye sare ya shule nyingine, sweta la kijani miongoni mwa masweta ya bluu. Alisema, "Mwalimu, mpokee tu, tukimaliza mahindi tutarudi nyumbani." Nilimkalisha dawati la wanne, akawa wa tano. Anajua kuzidisha kuliko darasa zima. Oktoba akaondoka, na sikupata hata nafasi ya kumpa matokeo yake.

Watoto wa namna hii si wachache, wala si wazembe, na wazazi wao ndio wanaowabebea mahindi ninyi mnaokula ugali Dar es Salaam. Wanaopanga mipango ya mji huu, madarasa, vyoo vya soko, visima na zahanati, naomba waje mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, wahesabu mara zote mbili.

Mimi kwenye daftari langu la mahudhurio la mwaka huu nimeacha mistari kumi na miwili mitupu chini ya jina la mwisho. Leo ni mwisho wa Mei, na jana jioni Fuso la kwanza kutoka Kiteto limeingia.

Msomaji wenu, Kibaigwa