Ranchu Hana Cheti cha Kuzaliwa

Ukinunua mbwa wa mbegu, au ng'ombe wa maziwa kutoka shamba linalojiheshimu, unakabidhiwa na karatasi: baba yake fulani, mama yake fulani. Ukinunua ranchu unakabidhiwa mfuko wa plastiki wenye maji, oksijeni na samaki, basi. Ni mtoto wa nani, alizaliwa mwaka gani, bwawa alilotoka liliwahi kuingiwa na ugonjwa au la, yote hayo yako kinywani mwa aliyekuuzia. Akisema kweli, umepata samaki pamoja na historia yake. Akidanganya, utakuja kugundua miaka miwili mitatu baadaye, vifaranga wako watakapotoka na migongo ya kila aina.

Ndiyo maana kila anayeniuliza aanzie wapi kufuga ranchu humwambia hivi: kabla hujatafuta samaki, tafuta mtu msema kweli, na wewe mwenyewe uwe hivyo.

Kwa asiyemjua, ranchu ni samaki wa dhahabu wa Kijapani asiye na pezi la mgongoni. Ana mwili mnene, mkia mfupi uliogawanyika, na kichwa kilichoota vinyama. Kwa desturi ya Japani hatazamwi ubavuni kupitia kioo. Anatazamwa kutoka juu, ndani ya beseni jeupe. Mgongo wake unatakiwa ushuke kwa mkunjo mmoja laini hadi mkiani, na wenyewe huufananisha na mgongo wa kitana. Wafugaji wengi huurudisha ukoo wa ranchu wa leo hadi familia ya Ishikawa ya Tokyo, tangu enzi za Ishikawa Kamekichi katika karne ya 19. Kila tarehe 3 Novemba hufanyika mashindano ya kitaifa, na washindi hupewa vyeo kwa mfano wa mieleka ya sumo: wa kwanza ni Ozeki wa Mashariki, wa pili ni Ozeki wa Magharibi, na kuendelea chini. Samaki wa mwaka wa kwanza, wa mwaka wa pili, na wale wa miaka mitatu na zaidi wanaoitwa wazazi, kila kundi hushindana peke yake.

Mimi naishi mkoa wa Aichi, ambako mji wa Yatomi umeishi kwa biashara ya samaki wa dhahabu kwa vizazi na vizazi, kwa hiyo wazee wanaojua wako karibu. Lakini ukaribu peke yake haumfundishi mtu. Nimeona majirani wa mabingwa wakitoka mikono mitupu, na nimeona wageni wasioijua vizuri hata lugha wakifundishwa mpaka kipimo cha kuchanganya maji ya kijani, yaani yaliyoota mwani, na maji mapya. Waliofundishwa walikuwa watu wazi.

Majira ya joto, kabla ya msimu wa mashindano, vikundi vya wafugaji hukutana kuchambua samaki wao. Anayetaka sifa huja na samaki wawili wazuri. Anayetaka kujifunza huleta wazuri, wa wastani, na wale wanaomsumbua usingizi. Mwalimu wangu ni mzee wa maneno machache. Ukimletea samaki mzuri peke yake atasema "safi" na kurudi kwenye chai yake. Mwekee beseni lenye samaki kadhaa wa uzao mmoja, nusu yao wakiwa na kasoro ileile, hapo ndipo atavuta kiti. Ataligusa beseni kwa kidole ili samaki waanze kuogelea, maana samaki aliyetulia huficha mengi. Atawafuata kwa macho wanapokata kona. Kisha yatakuja maswali. Wazazi ni yupi na yupi? Ulichuja vifaranga lini? Maji ulikuwa unabadilisha kila baada ya siku ngapi?

Siku moja alininyooshea kidole samaki ambaye mkia wake, akiwa ametulia, ulikuwa sawa pande zote mbili. Akigeuka kulia, upande mmoja ulichelewa kufunguka. Ni kitu cha kufumba na kufumbua. "Mama yake naye yuko hivi," alisema. "Kesho mlete mama yake."

Sasa fikiria kama samaki yule ningekuwa nimemnunua, kisha nikamwambia mzee kwamba ni wa uzao wangu. Kesho yake angekagua jike asiyehusika kabisa, angenishauri nimwache au nimwoanishe na dume fulani, na msimu mzima wa kuzalisha ungejengwa juu ya uongo wangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika ranchu ni ndefu kidogo, ila mwisho wake ni uleule, kwa sababu vifaranga hawajui kutunza siri.

Na kununua hakuna aibu. Wapo waliopata vyeo vikubwa kwa samaki waliowanunua wakiwa bado vifaranga weusi, kabla hawajabadilika rangi. Sema tu: huyu alizalishwa na fulani, nimemkuza mimi. Kukuza ni ufundi mzima, na wanaojua watauheshimu. Asiyesamehewa ni anayelifuta jina la mzalishaji na kuandika lake.

Jambo la pili ni kuchuja, na hapa ndipo penye elimu yote. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai. Maji yakiwa na nyuzi joto 20 hivi, huanguliwa baada ya siku nne au tano. Wiki mbili baadaye unakaa na sahani nyeupe na kijiko, ukitoa kila kifaranga ambaye mkia wake umefungana kama wa samaki aina ya koi, au umejipinda. Unarudia tena siku chache baadaye, ukiangalia mgongo, kisha tena, mpaka maelfu yanakuwa makumi. Andika ulichokitoa. Mikia mingapi iliyofungana, migongo mingapi yenye vinundu, kutoka jozi ipi. Mali bila daftari huisha bila habari, na hilo daftari ndilo bingwa atakaloomba kuliona ukimwendea na tatizo. Usipunguze hesabu ya waliotoka vibaya ili uonekane fundi. Hesabu hiyo ndiyo itakayomwambia kama jozi yako inafaa kurudiwa.

Chagua pia mwalimu mmoja, umfuate walau kwa mzunguko mzima, tangu mayai ya majira ya kuchipua hadi samaki wanapolala bila kula chini ya maji ya kijani wakati wa baridi. Hili nalisisitiza kwa sababu siku hizi mafunzo yako kila mahali na vijana huokoteza. Kuna bwana anayelisha mabuu mekundu kutwa nzima na kubadilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Kuna mwingine anayelisha kidogo, samaki wachache kwa bwawa, maji anayaacha yakolee kijani. Wote wawili wanashinda. Chukua chakula cha wa kwanza uchanganye na maji ya wa pili, utazika samaki. Ukishajua kwa nini mwalimu wako anafanya anachofanya, hapo utaweza kumsikiliza mwingine bila kupotea. Kuuliza "kwa nini" si utovu wa adabu. Uliza ukiwa umeshafanya alichokuagiza.

Halafu kuna mkasi. Wapo wanaokata kinundu cha mgongoni, wanaopunguza pezi lililopinda karibu na mkia, wanaong'oa gamba lenye rangi isiyotakiwa, kisha wanasubiri kidonda kipone kabla ya mashindano. Mimi nalikataa hilo moja kwa moja. Hapahapa Aichi kuna aina nyingine ya samaki wa dhahabu, jikin, ambaye kwa mapokeo huondolewa magamba akiwa mdogo ili apate rangi nyekundu kwenye midomo na mapezi na nyeupe mwilini. Kila mtu anajua, hakuna anayefichwa. Kwa ranchu, mkono wa mkasi hufichwa, na anayenunua samaki huyo kwa ajili ya kuzalisha ananunua kasoro iliyofunikwa, ambayo itarudi kwa watoto.

La mwisho ni zito zaidi, kwa sababu linaua samaki wa wenzako. Tangu mwaka 1992 samaki wa dhahabu wa Japani wamekuwa wakishambuliwa na virusi vya hepesi. Ugonjwa hupenda maji ya nyuzi 15 hadi 25. Samaki hulegea, matamvua hupauka, na bwawa zima linaweza kuisha ndani ya siku chache. Kupandisha joto la maji hadi nyuzi 33 hivi kwa siku kadhaa huokoa wengi, lakini aliyepona anaweza kubaki na virusi mwilini huku akionekana mzima kabisa. Mfugaji mmoja aliwahi kunipigia simu usiku, sauti imemkauka, kuniambia bwawa lake limeingiwa wiki chache baada ya kunipa samaki. Samaki wake walikuwa bado kwenye tangi la kutengwa, nikawapandishia joto usiku uleule, na mabwawa yangu mengine yakanusurika. Leo samaki akitoka kwake nanunua bila kuuliza mara mbili.

Kwa hiyo matamvua yakianza kupauka kwako, washa hita, kisha shika simu. Mpigie kila uliyempa samaki tangu msimu ulipoanza, na kila uliyetumia naye wavu au beseni mkutanoni. Mwalimu wako awe wa kwanza kwenye orodha, maana mabwawa yake ndiyo yenye samaki wazazi wa kikundi kizima.