Shangazi Akujibu: Mdogo wangu anajibizana na mtu asiyekuwepo

*Shangazi, niko Minnesota, Marekani. Mdogo wangu, miaka 24, alitoka Mombasa mwaka juzi, anafanya zamu ya usiku ghalani. Sasa hali nilichopika, eti majirani wametia sumu. Asubuhi naikuta sahani ya wali mlangoni pake, haijaguswa. Usiku namsikia akijibizana na mtu asiyekuwepo. Mama anasema karogwa, nimrudishe akasomewe. Nifanyeje?*

Pole sana, mwanangu. Hiyo sahani imenikaa moyoni.

Tiketi isubiri. Mtu anayeamini anafuatwa, ukamfungia ndani ya ndege siku nzima na kumpitisha kwa maaskari wa pasipoti, utamtesa bure. Aanze kwa daktari, wiki hii hii. Usiseme "amechoka na kazi". Eleza kama ulivyonieleza mimi, na tangu lini. Kama anavuta bangi, hilo nalo liseme, maana huchochea. Dalili hizi zinafanana na saikosisi, yaani maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na Minnesota kuna programu za vijana wanaougua kwa mara ya kwanza. Ziulizie, kwa sababu kila mwezi unaopita bila tiba unafanya kupona kuwe kugumu zaidi. Akitaja kujiua, au sauti zikimtuma kumdhuru mtu, piga 988, simu ya Marekani ya dharura za akili na kujiua, saa hiyo hiyo.

Mama naye umweleze. Mwaka 1932 daktari wa Norway, Ødegaard, aliandika habari za Wanorway waliohamia huko huko Minnesota: waliugua skizofrenia, ugonjwa wa akili wenye saikosisi, karibu mara mbili ya wenzao waliobaki kwao. Nani aliwaroga hao? Wahamiaji wengi hawaugui kabisa. Lakini Uingereza, Uholanzi na Sweden hatari hiyo imeonekana kuwa kubwa zaidi kwa wahamiaji, hata kwa watoto wao waliozaliwa ugenini. Kusini mwa London, wasio wazungu waliugua zaidi kwenye mitaa ambayo wenzao walikuwa wachache. Mimi naamini upweke na kubaguliwa vina mkono mkubwa hapo, na kijana anayelala mchana na kufanya kazi usiku anazungumza na nani?

Mama amsomee dua kwa simu, kila siku akitaka. Ila dawa isiachwe kwa ajili ya dua.

Kuhusu sumu, usibishane naye wala usimkubalie. Mwambie, "Naona unaogopa. Niko hapa." Kisha mwite jikoni akukatie vitunguu, mpike pamoja, mpakue sinia moja, na wewe uanze kula.